Kitabu cha Kwenda Nacho Nyumbani

Mimi nilijifunza kusoma kwa magazeti ya kufungia nyama. Baba alikuwa na bucha Embu mjini, na kazi yangu ilikuwa kukata magazeti makuukuu vipande vya kutosha ratili moja au mbili. Kila kipande nilikisoma kabla hakijaondoka. Hebu fikiria mateso hayo: mwizi anaingia dirishani, mwenye nyumba anaamka, halafu habari yote inakwenda zake na maini ya mteja. Nilifika umri wa kuolewa sijawahi kusoma jambo likafika mwisho.

Miaka ile ya hali ya hatari waliyoitangaza wakoloni, chuo cha walimu kilichokuwa juu ya mji kilianza kupokea masanduku ya vitabu kutoka chuo kikuu cha mbali. Kila Jumamosi, watu wa mji waliruhusiwa kuingia maktaba. Wanaume waliazima vitabu wakaenda navyo kwao. Sisi wanawake tulisomea pale pale, tena mpaka saa nane tu, maana kila mtu alitakiwa awahi kafyu. Nikapata hadithi ya mwanamke aliyezunguka nchi nzima akimtafuta mumewe. Nilipokaribia kurasa za mwisho, mwanamume mmoja akaiazima, akakaa nayo mpaka mvua za masika zikaisha. Wallahi nilikonda.

Nikamwendea mwalimu aliyetunza maktaba, nikamwambia sheria yao ni ya uonevu. Hakukasirika. Alisema sheria ni ya kamati, na kamati ilikuwa ikitafuta mada ya mjadala wa hadhara.

"Njoo uyaseme hayo mbele ya watu," akasema. "Ukishinda, wamekubali kuibadilisha."

Kibali cha mkutano kilitoka boma, ofisi ya serikali, kwa sharti moja: askari asimame mlangoni akague pasi ya kutembea ya kila anayehudhuria. Mpinzani wangu alikuwa karani wa boma, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni. Wanaume wakajaza viti vyote vya ukumbi wa maktaba. Kina mama wa Kianjokoma, walioteremka kwa ajili ya soko na vyondo vya maharagwe mgongoni, walikaguliwa pasi zao, wakachungulia, wakaona hakuna pa kukaa. Basi wakazunguka nje, wakasimama madirishani. Mmoja wao aliyejua Kiswahili akawa anawatafsiria wenzake kwa Kiembu.

Karani akaanza. "Huyu ni binti wa bucha," akasema. "Mpeni kitabu leo, kesho mtauziwa matumbo yamefungwa ndani yake."

Ukumbi ukaangua kicheko. Damu ikanipanda kichwani, na mimi nikipandwa na hasira ndipo maneno huja.

"Bwana karani hununua nyama kwetu kila wiki," nikasema. "Gazeti la kufungia nyama yake nimelisoma mimi kwanza. Kwa hiyo kila habari anayoijua ameipata kwangu, tena ikiwa na mafuta."

Wakacheka tena. Kicheko cha madirishani kilichelewa kidogo, kikingoja tafsiri, kwa hiyo karani alichekwa mara mbili. Kisha nikawaambia shida yangu bila mzaha: nimesoma mianzo maishani mwangu mpaka nimechoka, nataka kujua mambo yaliishaje.

Kura ilikuwa ya kupanga mistari. Mstari wa karani ulijaza ukuta mzima. Wangu ulikuwa na mwalimu, kinyozi wa mtaani kwetu, na wanafunzi wachache wa chuo. Ndipo kina mama wakaanza kusogea mlangoni.

"Hao hawamo mkutanoni," karani akasema. "Walikuwa wapita njia." Mwenyekiti wa kamati akatikisa kichwa kukubali.

Nikamgeukia askari. "Afande, kina mama hawa uliwakagua pasi?"

"Mmoja mmoja."

"Kwa sababu gani?"

"Amri. Kila anayehudhuria mkutano akaguliwe."

"Basi wamehudhuria, au umewasumbua bure?"

Akafikiri. Hakuwa mtu wa utani hata kidogo. "Wamehudhuria," akasema. "Ndivyo nitakavyosema boma."

Karani wa boma apinge amri ya boma? Thubutu. Alirudi kwenye mstari wake, mwenyekiti naye akawaashiria kina mama waingie. Kina mama wakaingia na vyondo vyao, wakajipanga nyuma yangu kuzunguka meza zote, mstari ukatoka mlangoni ukaishia kwenye nyasi. Pasi zile zile zilizowatesa njia nzima kutoka kwao ndizo zilizowapa kura.

Mwalimu akanikabidhi kitabu kile mbele ya watu wote. Yule mama mtafsiri akanishika bega. "Kisome, mwanangu. Soko lijalo utatuambia kiliishaje."

Nilikimaliza Jumapili, nimekaa kizingitini kwetu. Kumbe mwanamke yule alimkuta mumewe ameoa mwingine, amenenepa, na duka anamiliki! Nilikasirika mpaka nikakosa chakula cha mchana. Jumamosi nikaenda moja kwa moja sokoni kwenye maharagwe, nikawasimulia yote. Wakamlaani yule mume kwa Kiembu, wateja wakasubiri.

"Hatumtaki," mama mtafsiri akasema. "Panda maktaba ukatuletee mwingine."

Nikapanda.