Muembe wa Jotham

Wifi yangu Asenath alipanda miti ya mathenge kwa mikono yake mwenyewe. Naanza na hilo kwa sababu hapa kijijini Wema tulimcheka sana, hata mimi nilimcheka, na leo hakuna anayecheka.

Mathenge tunaijua sote. Waliileta kutoka Amerika, wakasema itazuia jangwa, itatupa kuni na kivuli. Kuni imetupa, siwezi kusema uongo, na makaa yake ni mazuri. Lakini mwiba wake unatoboa mpaka tairi la trekta. Mbuzi wakizoea maganda yake matamu, meno yanaoza. Ukiikata leo, kesho imechipuka zaidi. Kila mtu huku mpaka Garsen anahangaika kuing'oa. Sasa hebu fikiria mwanamke mzima anatoka nyumbani na jembe, anaenda kando ya barabara kuchimba miche yake, anaibeba kichwani kama miche ya migomba! Tulisema huzuni imempanda kichwani.

Haikuwa hivyo. Alikuwa na muembe wa kulinda.

Nyumbani kwetu, kitovu cha mtoto kikidondoka tunakizika shambani, na juu yake tunapanda muembe. Ule mti ni wake mpaka kufa. Kaka yangu Zadock alipompata Jotham, alimpandia wake karibu na ukingo wa mto, penye ule udongo mweusi mzuri. Mti ukakua, mtoto akakua. Na alikuwa na mdomo, Jotham! Mama yake akimgombeza, anamwambia, "Basi mwaka huu huli embe langu." Asenath anamjibu, "Na maji alikuwa anaumwagia nani, bwana mkubwa?" Wanacheka wote wawili.

Jotham alikuwa kijana wa kuota ndevu alipovuka mto kwenda kuvuna mpunga ng'ambo. Mamba akapindua mtumbwi. Tulimtafuta mpaka kule Kipini mto unakoingia baharini. Mtumbwi tuliupata. Jotham hatukumpata, hata shati lake. Mchungaji alituombea pale pale mtoni, tukarudi nyumbani bila mtu wa kuzika.

Basi muembe ukawa ndio kaburi. Asenath anafagia chini yake, anakaa, anaongea naye. Siku moja nilimkuta anamsimulia harusi ya binti yangu Beryl, nani alikuja, nani alilewa, wali uliungua vipi. Nilirudi polepole asinione, nikaenda kulia kwenye migomba.

Halafu mto ukaanza kula ukingo. Tana haina adabu, leo inapita hapa, kesho imeamua kupita jikoni kwako. Kila mafuriko yakija, shamba linapungua na maji yanausogelea muembe. Asenath akapanda matete, yakaenda na maji. Akapanda migomba, ikaenda. Zadock alimletea mianzi kutoka Hola, nayo ikaenda. Ndipo alipoona kwamba kule chini, mathenge ilikojiotea yenyewe, udongo haujasogea hata kidogo.

Roba, mfugaji Muorma anayetuletea maziwa, alimkuta amepiga magoti anashindilia miche. Akashika kichwa. "Mama Jotham! Adui wangu, wewe unampandia?"

"Roba," Asenath akamwambia, "baba yako ana kaburi. Niache."

Roba akamimina maziwa akaenda zake.

Na kweli, mathenge ilishika. Ilisimama kati ya muembe na maji, mafuriko yakaja yakapita, ukingo ukabaki. Wifi yangu akanenepa kidogo, akarudi kwaya. Akinikuta njiani ananitania, "Haya, Christabel, mwendawazimu ni nani?" Nami nafurahi kutaniwa.

Kisha ukaja ule ukame mrefu. Mathenge mizizi yake inakwenda chini, chini kabisa, inakunywa maji ya wenzake. Nyasi za pale zikakauka kwanza. Muembe ukatoa maua yakapukutika yote, mwaka uliofuata ukaanza kumwaga majani. Zadock aliutazama akasema, "Mama Jotham, hiki kitu chako kinamnyonga mtoto."

Akachukua panga siku ile ile. Akakata mathenge yote, mwiba ukamwingia kisiginoni mpaka mguu ukavimba. Ikachipuka. Akakata tena akichechemea, ikachipuka tena. Zadock akataka kuchimba mashina. Asenath akamshika mkono. "Ukichimba, ukingo unaenda naye. Basi nifanye nini, Baba Jotham? Niambie, nifanye nini?" Kaka yangu akaweka jembe chini. Wakabaki kuteka maji mtoni kwa madumu na kuyamwaga kwenye shina, wazee wawili, asubuhi na jioni.

Mimi nilijiona nina akili. Nikamwambia, "Wifi, si una kokwa za muembe huo? Panda moja hapa mlangoni."

Akaniangalia. "Kokwa nitapanda, Christabel. Na kitovu je?"

Nilitamani ardhi inimeze.

Mvua ilirudi kwa fujo. Tana ikajaa, ikachukua vibanda vya wenzetu, ikachukua mihindi. Ukingo wa Asenath haukumeguka hata tonge la udongo. Watu wakaja kuutazama, wengine wale wale waliomcheka, wakamwomba miche. Aliwapa.

Maji yalipopungua tulikwenda sisi watatu. Kila kitu kilikuwa kimechipuka, hata vigingi vya uzio. Muembe ulikuwa umesimama wima pale pale, hauna jani. Zadock akatoa kisu akakwangua gome.

"Kuna ubichi?" Asenath akauliza.

Akakwangua juu kidogo.

"Kuna ubichi?"

Akazunguka upande wa pili, akakwangua chini karibu na mzizi, akabaki ameinama huko huko mabega yanatikisika.

"Mto ulinichukulia mara moja," Asenath akasema. "Huyu wa pili nimemuua mimi."

Nilimwambia hapana, wifi, usiseme hivyo, nikamkumbatia, tukalia wote. Mungu wangu, nani atamlaumu mama? Alipotulia akajifuta uso, akachukua ufagio wake akaanza kufagia kama kawaida. Nikamwangalia anakusanya majani. Yote yalikuwa ya mathenge.