Makapi Chini ya Unyayo wa Feza

Jumapili, mwezi wa kumi na moja. Mvua ilinyesha tangu alfajiri mpaka watu wakatoka misa ya pili, kisha jua likatoka kali, na barabara yetu yote ikafuka mvuke.

Mwanangu, jana ulirudi kutoka uwanjani umenuna, ukatupa viatu mlangoni na kusema mwamuzi amewaibia goli. Nilipotaka kukuuliza imekuwaje, ukanijibu: "Bibi, weye unajua nini ya mpira wa mikono?" Nilicheka. Kusema kweli sijui kama najua mengi. Shule niliiacha mapema, na kalamu hii inanisumbua vidole. Lakini iko siku moja ambayo sijaisahau tangu usichana wangu. Nitakuandikia kama ninavyoikumbuka, na pale nisipokuwa na hakika nitasema.

Ilikuwa wakati wa Zaire, wakati wa chama kimoja, ambapo kila mtu mzima aliitwa sitwayeni, yaani raia. Jumamosi asubuhi wote tulitoka kwenye salongo, kazi ya lazima ya kusafisha mji. Sisi wasichana tulipewa uwanja tuukate majani, na kazi ikiisha tulicheza hapohapo.

Sheria tulizozishika ni hizi unazozijua. Wachezaji saba kila upande, mmoja wao analinda goli. Ukiushika mpira unakwenda hatua tatu, si zaidi, au unakaa nao sekunde tatu, kisha uutoe ama uudundishe. Ukishaudundisha ukaushika tena, usiudundishe mara ya pili. Mguu hauruhusiwi kugusa mpira, isipokuwa wa mlinda goli akiwa ndani ya nusu duara yake. Ile nusu duara, mita sita kutoka golini, tuliiita nyumba ya mlinda goli, na nyumba ya mtu haiingiwi bila kukaribishwa. Mstari wenyewe ni sehemu ya nyumba: ukiukanyaga, umeingia. Lakini hewa haina mlango. Ukiruka kutoka nje ya mstari, ukautupa mpira kabla hujagusa chini, goli ni halali hata ukiangukia ndani.

Sasa sisi chokaa hatukuwa nayo. Mstari tuliuchora kwa makapi ya mpunga, tuliyoyabeba kwa vikapu kutoka kwenye mashine ya kukoboa. Makapi hupeperuka, na kuku huyachakura, kwa hiyo kila mara kulikuwa na ugomvi. Ndipo Mwalimu wetu wa mazoezi, aliyekuwa pia mwamuzi, akaweka desturi. Tulicheza miguu mitupu juu ya udongo uliolowa, na makapi hunata. Aliyefunga goli asimame palepale alipoangukia, ainue mguu. Unyayo ukiwa safi, ni goli. Ukiwa na makapi, si goli. Hakuna aliyelalamika, maana unyayo hauna rafiki.

Mimi nilikuwa mlinda goli wa Kasuku, timu ya mtaa wetu. Sikuwa mzuri, na sisemi hivyo ili unisifu. Mlinda goli hodari huangalia mkono wa anayerusha. Mimi niliuogopa mpira, nikawa naangalia miguu.

Rafiki yangu Feza alichezea Mikelenge, timu ya wapinzani wetu. Shuleni tulikaa benchi moja, tulisukana nywele, na siri zake zote zilikuwa kwangu. Mama yake aliachwa na baba yake, akarudi kwao Kibombo, na yule baba alikataa kabisa Feza aende kumwona. Nisimdhulumu baba yake, labda aliogopa kumpoteza mtoto, kama nilivyokuja kuogopa mimi nilipopata wangu. Basi tukaambiwa timu itakayoshinda itapanda treni kwenda kucheza Kibombo kwenye sikukuu ya chama. Kazi ya chama hakuna baba aliyeweza kuikataza. Feza hakulala wiki ile.

Nami nilitaka kwenda. Treni niliijua kwa mlio tu.

Siku ya mchezo tulifungana sawa mpaka mwisho. Mwalimu alikuwa ameshaitazama saa yake. Feza akapokea mpira upande wa kushoto, hatua tatu, akaruka. Niliona mguu wake ukiondoka: vidole kwenye udongo mweusi, makapi mbele yake. Mpira ukanipita sikioni. Akaangukia karibu na magoti yangu.

Na hapo, mwanangu, alifanya kosa ambalo lingemuumiza kwa desturi yetu sisi tu. Alisahau kusimama. Kwa furaha alikimbia kuwakumbatia wenzake, akapita juu ya mstari.

"Amekanyaga! Amekanyaga!" Kasuku wote wakapiga kelele.

Mwalimu alitoka mbali, nyuma ya migongo ya watu. "Feza, inua muguu."

Feza akainua. Makapi yalimjaa unyayo kama magamba ya samaki.

"Mwalimu, sikukanyaga! Nimekimbia kisha goli, sababu ya furaha."

"Muone ye!" akasema Kabibi, kapiteni wetu. "Furaha yake iko na makapi!"

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Feza hakulia. Aliteremsha mguu polepole, akatazama upande wa stesheni.

Nikasema, "Mwalimu, hakukanyaga. Nimeona."

Kabibi akanigeukia. "Nyamaza, we! Uko wa Kasuku ao wa Mikelenge?"

Mwalimu akanisogelea. "Umeona na macho, ao unahurumia rafiki?"

Swali lile limenifuata mpaka leo. Nimejiuliza mara nyingi kama ni huruma iliyoniwekea ule udongo mweusi machoni. Lakini kila nikifumba macho nauona, na vidole vyake juu yake. Macho hayana pazia.

"Na macho," nikajibu. "Makapi yalikuwa mbele ya vidole."

Mwalimu akapuliza filimbi, akanyoosha mkono katikati ya uwanja. Goli.

Kabibi hakunisemesha mpaka mvua zilipoisha, na haki yake alikuwa nayo, maana alikuwa ameshaazima viatu vya safari. Mikelenge wakapanda treni. Feza alinipungia mkono dirishani na kitambaa changu cha kichwa, nilichompa akivae mbele ya mama yake.

Treni iliporudi nilikwenda stesheni. Walishuka wote isipokuwa yeye. Mama yake alimshika, hakumwachia tena. Baadaye nilisikia kwa wauza mpunga kwamba ameolewa, kisha kwamba wamehamia kusini zaidi. Halafu sikusikia kitu. Sijapata rafiki mwingine wa benchi moja.

Nililia nyumbani. Wahenga walisema msema kweli hukimbiwa na rafiki zake, nami nikamwambia mama yangu kwamba laiti ningenyamaza. Alikuwa anapepeta mpunga. Hakuuacha ungo, akaniuliza tu: "Ulisema kweli ili Feza afike kwa mama yake, ao ili arudie kwako? Kweli si mbuzi, mwanangu. Haifugwi ili izae."

Ilinichoma. Sijui kama nimeielewa yote, hata kwa mvi hizi.

Basi mwanangu, haya ndiyo yangu. Ukifunga goli, simama kwanza, inua mguu, kisha furahi. Mwamuzi akikosea, kumbuka naye anaona migongo ya watu, na uulize moyo wako kama kweli uliuona mstari au uliona hamu yako. Lakini ukiona, sema, hata kama wenzako watakununia, hata kama kweli hiyo itapanda treni na mtu unayempenda. Namkumbuka Feza kila mvua ikilowesha uwanja, na bado ningesema vilevile. Mungu akupe macho mazuri na miguu mepesi. Akupe rafiki wa kumsemea kweli, na kama itampendeza, akuachie huyo rafiki karibu, kuliko alivyoniachia mimi wangu.

Jioni hii tumekula wali na sombe ya majani ya muhogo, na kipande kidogo cha samaki. Mchele ni wa Kibombo, umeingia na treni. Katika sahani yangu nimekuta kapi moja. Wewe uliniambia, "Tupa, Bibi." Nimeliweka pembeni mwa sahani, nikaendelea kula.