Taa za Kifaru cha Majura

Juzi nilipeleka simu kwa fundi Musoma mjini. Akachukua waya, akaunguza ganda lake ili aifikie shaba, na ile harufu ya plastiki iliponipanda puani nikajikuta nimenuna bila sababu. Kisha nikaikumbuka sababu. Ni Majura.

Majura ni mtoto wa shangazi yangu. Mama yake alipofariki alitoka Bugwema na begi moja la shule, akaja kuishi kwetu Nyakato, tukiwa wote darasa la tano. Baba yangu alikuwa mwanajeshi mstaafu aliyewahi kuendesha kifaru. Likizo moja alituambia tutengeneze vifaru vya maboksi. Kitakachofanana zaidi na chake angekiweka juu ya kabati la sebuleni, kando ya picha yake ya kombati. Nafasi ile niliitaka kuliko nguo ya Krismasi.

Changu kilikuwa boksi la sabuni, magurudumu ya ndara kuukuu, na mzinga wa mrija wa peni. Nilikipenda sana mpaka nilipoona cha Majura. Alikuwa amebandika punje za mtama ukingoni, moja moja, zikawa vichwa vya misumari. Minyororo kaikata kwenye tyubu ya baiskeli. Matope kayapaka chini tu, pale matope yanapofika kweli. Na kama hayo hayatoshi, alichokoa vitaa na vibetri kwenye viberiti vya gesi vilivyokwisha, vile vyenye tochi kitakoni, akaviunganisha kwa waya wa hedifoni mbovu aliouunguza ganda, ua mzima ukanuka plastiki. Ukibonyeza mfuniko, taa mbili za mbele zinawaka. Watoto wa mtaa walijaa uani kwetu. Mimi nikawa nasema taa zenyewe ndogo, na hakuna aliyenisikiliza.

Wivu ulinikaba, sitaficha. Mama alipika sato siku hiyo na hakikushuka hata kipande.

Asubuhi ya ukaguzi, Majura alipokwenda kuchota maji, nilichukua dawa nyeusi ya viatu nikazipaka taa zake. Nilikuwa nimebakiza mstari mwembamba katikati ya kila moja niliposikia ndoo yake inatuliwa uani, nikakimbia.

Baba alivipeleka vifaru jikoni, jiko letu la nje ambalo ukifunga mlango ni giza hata mchana. Changu alikigeuzageuza, akasema, "Mzinga uko sawa." Akabonyeza cha Majura. Taa zilitoa vijistari viwili tu vya mwanga. Nikangoja acheke. Baba akachuchumaa.

"Zilikuwaga hivi hivi," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Kwenye msafara tulikuwa tunaziziba, tunaacha mwanya tu, adui asituone. Majura, nani alikwambia?"

Majura alizitazama taa, kisha akakitazama kidole changu, cheusi mpaka kwenye kucha.

"Siyo mimi, Mjomba. Hizo kaziba Nyangeta."

Nilijua nimekwisha. Lakini Baba alinishika kichwa na kusema, "Kumbe, mama, ulikuwaga unanisikiliza nikisimulia." Sifa niliyoililia ikanijia, nami nikashindwa kuinua macho. Kifaru kilipanda kabatini, na kila mgeni aliambiwa kimetengenezwa na sisi wawili. Majura hakusema kwamba nilitaka kumharibia, siku ile wala baadaye.

Kwa miaka mingi niliamini hakuelewa nilichofanya. Nilimwona mjinga kidogo, na hilo lilinipa raha.

Sasa nami ninamlea mtoto wa marehemu dada yangu. Mwezi uliopita mwanangu alimchania daftari lake la hesabu, tena makusudi. Nilipouliza, yule mtoto akaniambia limechanika lenyewe. Alisema haraka, huku akinichungulia usoni aone kama nimekasirika.

Hapo ndipo nilipojua. Majura alielewa kila kitu. Mtoto anayelelewa kwa watu hagombani na mtoto wa nyumba hiyo, kwa sababu hata akishinda hana pa kwenda. Mimi nilikuwa na baba, na mama aliyenipikia sato, na bado mwenye wivu nilikuwa mimi.