Funda la Sharubati

Juzi, pale Makadara, muuza miwa alimnywesha juisi mzee mwenye kisukari aliyekuwa akitetemeka, nami nikamkumbuka Bibi.

Nilikuwa mtoto, na alasiri ile nyumba ilinukia udi. Mama alipokwenda harusini aliniagiza Bibi asionje kitamu, nami sikupenda kukosea hata kidogo. Bibi akaanza kutetemeka, jasho likimtiririka.

"Nipa sharubati, mwanangu. Funda moja tu."

"Wanihadaa, Bibi! Na kisukari chako je?" Nikacheka, nikalificha jagi.

Alipolegea nilipiga kelele. Jirani alikuja mbio, nikamweleza, akampaka asali mdomoni.

"Sukari imemshuka, nawe wamnyima!"

Mimi nilidhani sukari ya mgonjwa hupanda tu. Bibi alipona, akasema amenisamehe. Lakini tangu siku ile, hata maji ya kunywa aliinuka akayachota mwenyewe.