Mapigo Sabini na Nane

Siku yangu ya kwanza ya unesi katika wodi ya magonjwa ya ndani, hospitali moja ya Embu, sista msimamizi alinishika vidole viwili akaviweka juu ya mshipa wa mgonjwa. "Hesabu dakika nzima," akasema. "Usiandike ambacho hujashika. Chati ni shahidi." Nikaitikia, "Ndiyo, Sista," huku nikiangalia saa yangu mpya. Ujana jamani!

Mwaka wa pili nilikuwa na wagonjwa thelathini peke yangu. Nikapata ujanja: asubuhi najaza chati za siku nzima, joto na mapigo ya moyo, nikifuatisha za jana. Mzee mmoja wa Ishiara, mgonjwa wa moyo, nilimjazia hadi jioni. Saa nne asubuhi akafariki, daktari msimamizi akathibitisha. Saa tano alikuwa mochari, na chati yangu ikabaki kwenye faili.

Kesho yake mwanawe, mwalimu, alikuja na mama yake, akaomba faili. Daktari akampa bila kuikagua. Mwalimu akasoma kwa sauti: "Saa sita mchana, mapigo sabini na nane. Saa nane, themanini." Akainua macho. "Mlimtia baba kwenye friji akiwa hai?"

Hata mimi niliyezibuni zile namba nilimwona mzee akipumua mle ndani.

"Tutaonana kortini," mwalimu akasema. Daktari akaninong'oneza, "Sema ni chati ya mtu mwingine." Nikamgeukia mama, nikasema kwa Kiembu, asihitaji mkalimani: "Mama, nilidanganya. Niliandika kabla ya wakati. Sikumgusa."

Nilijua kazi imekwisha. Mama akanyanyuka. "Basi twende umguse."

Huko mochari, mama akanishikisha mkono wa mumewe, baridi, mgumu. Nikahesabu hadi sitini. Kuna kitu kilikuwa kinagonga, wallahi nilikisikia, kumbe ni damu ya vidole vyangu mwenyewe.

"Hakuna kitu, mama."

Akanipa chati. "Sasa andika."

Nikaandika. Kortini hawakwenda. Mimi nilisimamishwa miezi mitatu, kisha nikahamishiwa Meru, na huko nilihesabu dakika nzima kwa kila mgonjwa hadi nikastaafu. Vijana, watu husamehe kifo, uongo usiokiriwa hawasamehe.

Juzi nililazwa mwenyewe, hapa hapa Meru, karibu na Kinoru. Nesi kijana akasimama miguuni pa kitanda, akaandika, akaenda zake. Hakunishika. Nikajikuta nimekamata kifundo cha mkono wangu, natafuta.

"Wee binti!" nikaita. "Rudi! Hayo mapigo uliyoandika ni ya nani?"