Jezi Tuliyompelekea Mama

Mimi ni mtu wa kuwachukua walioanguka, na sina mpango wa kuacha. Tangu nianze kufundisha mpira hapa Kindu, kila mchezaji aliyeondoka kwa ngoma na kurudi kimya kimya nimemfuata kwao. Wenzangu kwenye kamati ya timu yetu ya mtaa wanasema huo ni ugonjwa. Mimi nasema ni macho. Klabu kubwa ikimchagua kijana mbele ya wenzake wote, haikuwa inaota. Iliona kitu. Kama kitu hicho hakionekani tena, mwenye akili huuliza kimekwenda wapi, hasemi kwamba hakikuwepo. Ni kamari, nakubali, na kamari ni haramu, lakini kwa hii moja nategemea Mungu atanisamehe.

Kiangazi kilichopita mmoja wao alirudi kutoka Kinshasa. Walimchukua akiwa bado mdogo, wa kwanza katika vijana wote wa mkoa, akakalia benchi miaka mitatu, kisha wakamwambia arudi kwao. Sasa anashinda ndani kwa mama yake. Niliitisha kamati Jumapili, baada ya sala ya alasiri, nikawaambia tumchukue. Wengi waliguna. Walisema miguu yake imekuwa mizito, moyo umemfia, afadhali nafasi apewe mwenye hamu ya mpira. Basi nikawapa hadithi ninayoitoa kila mwaka tukifika hapo, ya wakati wa vita. Na mwenye hadithi mwenyewe alikuwa amekaa pale pale, kwa sababu siku hizi ni makamu wangu.

Wakati ule treni ilikuwa imekufa na barabara zimefungwa. Chumvi na sabuni tulizifuata mbali kwa baiskeli. Mpira haukufa. Tulikata nyasi za uwanja kwa panga, tukacheza mapema ili kila mtu awe nyumbani kabla ya saa ya kutotoka nje. Kabla ya vita, klabu moja ya Kisangani ilikuwa imemchagua huyu makamu wangu mbele ya washambuliaji wote wa Maniema, na tulimsindikiza kwa shangwe na pilau. Desturi ya timu yetu ilikuwa hii: mchezaji akiitwa na wakubwa, jezi yake inakunjwa na kuwekwa sandukuni, na hakuna anayeigusa. Akirudi, kiongozi anaipeleka kwao na kumkabidhi mama yake mikononi. Mama akishaipokea, mtoto amerudi timuni. Hatukuwa na karatasi wala sahihi.

Vita vilipofika Kisangani alirudi kwa miguu, kupitia Lubutu na Obokote. Kule Kisangani alikuwa amecheza mara chache, na mara zote vibaya. Hapa akaanza kazi ya kusukuma baiskeli ya mizigo mpaka Kampene, kuwapelekea wachimbaji wa dhahabu bidoni, yaani madumu, za mafuta ya mawese. Mimi nilivaa kofia yangu safi, nikaitoa sandukuni jezi namba tisa, nikaenda kwao na kumkabidhi mama. Alilia sana. Nami machozi yalinitoka, na nilirudi nyumbani nikijiona mtu mkubwa.

Mechi tatu za kwanza zilikuwa aibu tupu. Kusukuma mizigo kulikuwa kumempanua mabega, jezi ikambana. Kila alipofika, mpira ulikuwa umeshapita. Watu walimwambia aingie uwanjani na baiskeli yake, labda itamsaidia. Kosa lilikuwa langu na la mji mzima: tulimpa nafasi ya kijana tuliyemsindikiza, wakati aliyerudi alikuwa mtu mwingine.

Siku moja nilimkuta kwenye kilima chenye matope, njia ya Kampene. Wenzake walikuwa wanakikimbilia, wanateleza, wanaanguka pamoja na bidoni zao. Yeye alisimama chini kwanza. Alitazama njia, akatazama mahali walipoanguka wenzake, akaishika fimbo aliyoifunga kwenye usukani, akapanda polepole bila kurudi nyuma hata hatua moja. Nilibaki pale nikicheka peke yangu. Jumapili iliyofuata nilimweka beki wa mwisho. Hakukimbia hata kidogo. Mshambuliaji kila alipofika alimkuta yupo, anamngoja. Mpaka mvua zilipotufukuza uwanjani, timu za ng'ambo ya mto zilikuwa zinaomba abaki huko huko Kampene.

Nilipomaliza kusimulia, nilimgeukia makamu anipigie muhuri. Nilikuwa na hakika naye kuliko mtu mwingine yeyote kwenye kikao kile. Alikuna ndevu zake zenye mvi.

"Kocha, miye nakataa," alisema.

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania.

"Hii hadisi njo ya kweli, lakini umekata nusu yake. Ile siku ulileta jezi, miye nilikuwa mu nyumba, nyuma ya pazia, nakusikia. Haukuniita. Haukuniuliza kitu. Ulipatia mama, na mama akalia. Sasa ningekataa namna gani?"

Nikamjibu, kwa ukali kidogo, kwamba mwishowe alicheza vizuri. Alikubali. Akasema hata hivyo, katika zile mechi tatu watu walipokuwa wanamcheka, alikuwa anapanga kwenda Kampene na mzigo wake asirudi tena, na kilichomzuia ni mama yake tu. Kijana huyu wa Kinshasa hamkatai, aliongeza. Anachokataa ni sisi kwenda tena kumfunga mtoto wa watu kwa machozi ya mama yake.

Niliona haya, na hasira pia, maana hakuna anayependa kusahihishwa mbele ya kamati yake. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimemtumia mtu huyu kama ushahidi, na sikuwahi kumuuliza swali hata moja. Macho yangu hayakukosea, hilo bado nalisema mbele ya yeyote. Lakini niliicheza kamari ile kwa maisha ya mwenzangu, na kama tungeshindwa, angelipa yeye peke yake.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa kijana bila jezi. Mama yake aliacha kutwanga, akanitolea kiti, akawa anautazama mfuko wangu. Nilimwomba radhi, nikamwambia leo mgeni si wake, namtafuta mtoto. Kijana akatoka, akakaa mbali kidogo nami. Nilimweleza kwamba namtaka, kwamba sijui bado nitamweka wapi, na kwamba mwanzoni watu watamcheka, tena bila huruma, maana mji huu naufahamu. Halafu nikamuuliza kama yeye mwenyewe anataka.

"Baba, naweza kukataa?" aliniuliza.

Nilimtaka kweli. "Unaweza," nikamwambia.

Alimtazama mama yake, kisha akainamisha kichwa. Mimi si mtu wa kungoja, lakini siku ile nilingoja.

"Tangu niko mutoto wananiambia tu kwenda, na wakachoka wananiambia kurudi," alisema. "Hakuna muntu aliniuliza kama nataka." Akainuka, akajipangusa suruali. "Mazoezi iko saa ngapi?"