Panga la Mninga

Nilikuwa ndani nakaa eda, na wao walikuwa uani wakiiharibu ndege ya mume wangu. Sina namna nyingine ya kulisema hilo.

Wao ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu, na rafiki yake, fundi wa injini za boti kutoka Pangani. Kila siku baada ya alasiri walikuja hapa Nguvumali, wakapiga hodi, wakanipa pole, kisha wakapita nyuma kumalizia, kama walivyosema, kazi ya marehemu. Hakuna aliyeniuliza kama nataka imalizwe. Mume wangu aliijenga ndege hiyo kwa miaka, akaugua, akafa, nayo haijaruka hata siku moja. Kusema kweli sikuwahi kuipenda. Ilikula ua wote, nguo nikawa naanika kwa jirani.

Nilichokipenda ni panga lake, lile la mbele linalozunguka. Alilichonga mwenyewe kwa mninga, mimi nikishika upande wa pili. Alikuwa akilitundika kwenye pini kupima kama pande zake zina uzito sawa. Upande mmoja ukishuka, anaupaka vanishi ule mwepesi, tunangoja ikauke, analitundika tena. Jioni inaisha hivyo. Humu ndani hakuna kingine alichokitengeneza kwa mikono yake. Hata kitanda tulinunua.

Injini yenyewe ni ya rotari, ilitolewa kwenye gari la Kijapani. Mume wangu alinieleza mara nyingi kuliko nilivyotaka: injini ya namna hiyo hupenda mbio, panga halipendi. Likizunguka kasi mno, ncha zake hupiga kelele tu, halivuti. Kwa hiyo katikati huwekwa gia ya kupunguza mwendo, na panga huchongwa kufuatana na gia hiyo. Sasa hawa wawili waliikuta gia yake imevunjika meno, wakafunga nyingine isiyopunguza kama ile. Panga likawa zito kwa injini.

Nilikuwa naisikia dirishani. Inapanda, inafika mahali, inaguna, haiendi zaidi. Wanazima, wanabishana. Wanawasha, inaguna palepale.

"Rafadha ni rafadha," fundi anasema; panga la boti wao huliita hivyo. "Majini ikilemea unakata ncha. Basi."

"Hii si boti, bwana."

"Kwani upepo hauna uzito? Simama pale nyuma uone kama hutavuliwa kofia."

"Si nimevuliwa jana, umesahau? Mpaka leo iko juu ya bati la watu."

Wakacheka. Mimi sikuona cha kuchekesha, maana baada ya kicheko niliwasikia wakiulizana msumeno uko wapi.

Shemeji akaja mlangoni.

"Shemeji, samahani. Tunataka kulipunguza panga kidogo. Kiganja kimoja tu kila upande."

"Kiganja cha nani?"

Akatazama uani. "Cha fundi."

Fundi ana mikono kama makasia.

"Msilikate."

"Lakini injini haifiki kasi yake. Hata kaka angelikata."

Hapo alinibana, maana ni kweli. Mume wangu hakuwa na huruma na mbao. Mapanga mawili ya kwanza aliyakatakata mwenyewe, tukapikia wali. Ningeweza kusema marehemu asingekubali, na wangeniamini. Sikuweza.

"Angelikata," nikasema. "Mimi ndiye sitaki. Chongeni jingine, fupi."

"Jingine!" fundi akapiga kelele kutoka uani. "Utafute mbao, uzigandishe, uchonge, usawazishe! Dada, hiyo kazi itachukua mpaka eda yako iishe!"

"Basi chukueni muda wenu. Mimi siendi popote."

Baadaye nikasikia spana zikifungua bolti. Shemeji akalilaza panga kizingitini, akaondoka, nami nikaliingiza ndani. Lilikuwa refu kuliko nilivyokumbuka. Nililisukuma chini ya kitanda, ncha moja ikabaki nje, na nilipoamka kuswali alfajiri nikajikwaa nayo.

Alasiri wakaja na mbao, wakaanza kubishana kuhusu gundi.